Msako wa mafumbo katikati ya Arusha kwa Actionbound: wapi unanoga, wapi unakwama

Actionbound ni programu ya simu iliyotengenezwa Ujerumani kwa ajili ya misako ya mafumbo ya nje. Kazi yake kubwa si kukuuzia msako uliopikwa tayari, bali kukupa jiko na sufuria. Mtunzi anafungua Bound Creator kwenye kivinjari cha kompyuta, anapanga vituo na maswali, kisha anapata msimbo wa QR. Wachezaji wanauskani kwa simu zao, Android au iPhone, na mchezo unaanza. Kwa matumizi binafsi ni bure. Shule, kampuni na taasisi hulipia leseni.

Kwa hiyo ubora wa msako uko mikononi mwa aliyetunga, na Arusha ni mji unaomwumbua mtunzi mvivu. Njia inayopimwa hapa ni hii: Mnara wa Saa, Boma, AICC (kituo cha mikutano ya kimataifa), mnara wa Mwenge na Makumbusho ya Azimio la Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Soko Kuu, kisha kurudi Mnara wa Saa kwa Barabara ya Sokoine. Ni kama kilomita nne. Wenye akili kali na miguu myepesi watatumia muda wa saa mbili, lakini panga mbili na nusu, maana kuvuka Sokoine nako ni fumbo.

Tuanze na saa yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo vikosi vingi hugombana kabla hata ya kuondoka. Mtunzi anaandika: "Mshale mfupi ukielekea kulia kabisa, ni saa ngapi? Andika tarakimu." Mshale uko kwenye 3. Kwa Kiswahili hiyo ni saa tisa. Nusu ya kikosi inaandika 3, nusu nyingine 9, na simu inakubali moja tu. Fumbo lolote la saa kwa Kiswahili lina tofauti hii ya sita ndani yake. Ama uitumie makusudi, uiseme wazi ("soma uso wa saa, usisome mdomo wa mtu"), ama uache saa kabisa. Na usitunge swali linalotegemea mishale inatembea siku hiyo. Vivyo hivyo na ile simulizi kwamba mnara uko nusu ya njia kati ya Cairo na Cape Town: ni utangulizi mzuri wa hadithi ila ni swali baya la kilomita, kwani barabara ziko nyingi na kila ramani itatoa hesabu yake.

Kituo cha kuanzia kiwe kwenye lami ya waenda kwa miguu upande wa posta, kamwe si katikati ya kipilefti. Programu ina kipengele cha kutafuta mahali kwa ramani au kwa mshale wenye umbali, na mshale huo haujui gari wala ukuta wala lango lililofungwa. Simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea mita tano hivi. Chini ya miti mikubwa au kando ya ghorofa hukosea zaidi. Mita tano katika kipilefti ni tofauti ya kusimama salama na kusimama mbele ya bodaboda. Dawa ni kuweka nukta mahali panapoona mbingu, kisha kuthibitisha kwa swali ambalo jibu lake liko pale pale, ili anayekosewa na GPS aokolewe na macho.

Kutoka hapo unapanda Barabara ya Boma, mwendo wa dakika tano hadi saba, mpaka Makumbusho ya Elimu Viumbe. Jengo ni boma la Wajerumani lililokamilika mwaka 1900, na ndani yake kuna habari za chimbuko la binadamu: Olduvai, Laetoli na nyayo zake za miaka milioni 3.6. Kwa mtunzi hapa ni shamba lenye rutuba. Fuvu la Zinjanthropus lilipatikana Olduvai mwaka 1959, nyayo za Laetoli mwaka 1978. Toa mwaka mdogo kwenye mkubwa unapata 19, namba nzuri ya kufungulia kituo kinachofuata. Lakini kuna kiingilio, na cha raia si sawa na cha mgeni, hivyo usitume kikosi ndani bila kuwaambia mapema wabebe pesa taslimu na kitambulisho. Kama bajeti hairuhusu, weka namba za kituo hiki kwenye bahasha ya karatasi na waitatue nje getini. Inapungua utamu, ila haivunjiki.

AICC ni jirani tu, na ndiyo inayotoa fumbo safi kuliko yote ya njia hii. Jengo lina mabawa matatu: Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro. Hesabu herufi: 9, 10, 11. Mpangilio unatokea wenyewe, hauhitaji kuingia ndani, hauhitaji kibao ambacho kesho kitabandikwa tangazo. Mchezaji akishapata 9 na 11 anajikuta amekisia ya katikati, na bado anahesabu ili ahakikishe. Fumbo linalojithibitisha namna hiyo ndilo la kutafuta. Ukitaka kulipa uzito, ongeza kwamba humo ndimo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa tangu mwaka 1995 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Kasoro ya hapa ni kipengele cha "misheni", kinachoweza kudai picha. Walinzi hawapendi kundi la watu watano wanaoelekeza simu kwenye geti, na wana sababu. Katika njia hii yote, misheni ya picha iwe ya kikosi chenyewe, mfano kuunda herufi kwa mikono, isiwe ya jengo la serikali, polisi wala mtu asiyeombwa. Mmasai aliyekaa na shanga zake si kituo cha mchezo.

Kipande cha kutoka AICC kwa Barabara ya Makongoro hadi Mwenge ni kama kilomita moja, na ndicho kirefu kisicho na kitu. Mtunzi ajaze. Hapa weka fumbo la kutatua huku mnatembea, na Kiswahili kina lake tayari: kinyume, ile lugha ya kugeuza silabi. NGEMWE WA RUHUU. Aliyewahi kucheza kinyume shuleni anaisoma bila kusimama, na asiyewahi anapewa funzo la dakika moja na mwenzake. Ni bora mara kumi kuliko kile watunzi wengi wanachokimbilia, yaani kusogeza herufi tatu mbele. Kusogeza kunaleta shida ambayo haionekani mpaka siku ya mchezo: Kiswahili hakina q wala x, na c haisimami bila h. Je, unasogeza juu ya herufi 26 za kibodi au 24 za Kiswahili? Vikosi viwili vyenye akili sawa vitapata majibu mawili. Ukilazimika, chapisha gurudumu la herufi na uligawe. Tena ujue halidumu: Kiswahili kimejaa a, na karibu kila neno linaishia irabu, hivyo herufi inayojirudia sana mwishoni mwa maneno inajitaja yenyewe.

Kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha, shida ni tarehe. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967. Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Swali la "Azimio lilikuwa lini?" lina majibu mawili yenye hoja. Andika "lilitangazwa tarehe ngapi" na ugomvi unaisha. Makumbusho yenyewe yalifunguliwa mwaka 1977, miaka kumi kamili baadaye, na pengo hilo la kumi linafaa kuwa ufunguo. Mwenge nao una namba zake: ulipandishwa kileleni Kilimanjaro usiku wa uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Angalizo la aina moja linahusu majibu yote ya maneno: "Mwenge", "mwenge wa uhuru", "mnara wa Mwenge". Kila mmoja anaandika lake. Programu inatoa maswali ya kuchagua, ya kuandika jibu, ya kukadiria namba na ya kupanga orodha. Kwa mji huu, namba na kupanga orodha ndizo zinazokwenda bila kelele.

Uwanja wa mpira ulio karibu ndio watu huupita bila kuutazama, na ndio wenye kisa kizuri. Sheikh Amri Abeid hakuwa mchezaji. Alikuwa mshairi na mwalimu wa kanuni za ushairi, na Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Basi fumbo la uwanjani liwe shairi, kwa mizani 16 na vina viwili:

Geuzeni sasa nyuso, mfuate mzunguko,
Njia haina mateso, wala haina miiko.

Kina cha kati ni "so", cha mwisho ni "ko". Soko. Asiyejua vina atasoma maneno tu na kuanza kutafuta kipilefti, ambako hakuna kitu. Kwa vijana waliosoma mashairi shuleni ni dakika mbili. Kwa wengine huenda ikawa robo saa, na hapo ndipo msaada unapohitajika. Programu inahesabu alama, kwa hiyo panga msaada uwe na gharama. Utaratibu tunao tangu enzi za bibi: ukishindwa kitendawili, unatoa mji. Kikosi kinachoomba kidokezo kikate alama, lakini kipewe kidokezo cha kweli kinachosogeza ("tazama silabi, si maneno"), kisiwe maneno ya kuwaambia wafikiri zaidi.

Soko Kuu ni kituo kinachoweza kuharibu au kukamilisha siku. Mafumbo ya vipimo yanavutia: debe ni lita 20, kisado ni lita 4, kwa hiyo debe lina visado vitano. Kwenye karatasi, ndiyo. Sokoni, muuzaji akijaza kwa kilele hesabu inakuwa nyingine, naye atakutetea hesabu yake kwa sauti. Kama unataka jibu 5, taja lita. Usitegee jibu kwenye bei ya nyanya, rangi ya mlango au jina la duka. Vyote hivyo vinabadilika kabla hujachapisha msimbo mara ya pili. Na kikosi kisisimame katikati ya njia ya wapagazi kikijadiliana. Mwenye gunia kichwani ana haki ya kwanza.

Simu sokoni ibaki mfukoni. Hii inahusu pia muundo wa mchezo: mafumbo ya soko yawe kwenye karatasi, simu itolewe tu mkisharudi kando ya barabara kuingiza jibu. Bahasha sita za khaki, kila moja na namba ya kituo, zinatosha. Kalamu mbili, kwa sababu moja hupotea.

Kikosi kizuri ni cha watu wanne: wa simu, wa karatasi, wa kutazama barabara na wa kuzungumza na watu. Watatu inawezekana. Kuanzia sita, wawili wanageuka abiria. Vikosi vikiwa zaidi ya vitatu, usiviondoe pamoja, la sivyo cha nyuma kitanakili cha mbele. Achanisha kwa dakika 15, au tumia mpangilio unaowaachia wachezaji kuchagua kituo cha kuanzia, ila hapo hakikisha hakuna fumbo linalotegemea namba ya kituo kilichotangulia.

Intaneti haisumbui kama inavyoogopwa. Msako unapakuliwa mapema, nyumbani au hotelini kwenye Wi-Fi, pamoja na picha zake. Kisha unachezwa bila bando, na matokeo yanapanda mtandao ukirudi. Kinachosumbua ni betri, kwa sababu GPS na kioo chenye mwanga wa juani vinaila kwa kasi. Anza na asilimia mia, beba pawabenki, na uwe na simu ya pili yenye msako huohuo.

Ikilinganishwa na geocaching, ule msako wa vikopo uliozaliwa Marekani Mei 2000 mara tu GPS ya raia ilipoondolewa ukungu wake, yaani kosa lililowekwa makusudi, njia hii inaufaa zaidi mji. Kikopo kilichofichwa katikati ya Arusha ama kitafagiliwa na wanaosafisha mji, ama kitamtia mlinzi wasiwasi. Fumbo lisiloacha kitu nyuma halimsumbui mtu.

Anza saa tatu asubuhi, umalize kabla ya saa sita, jua halijawa kali. Machi hadi Mei ni masika: karatasi zinalowa, vioo vya simu vinakataa vidole, njia za kandokando zinakuwa tope. Oktoba na Novemba mijakaranda inachanua zambarau, na swali la rangi linajibika lenyewe, ila usilitegee mwaka mzima. Jumapili barabara ni tulivu zaidi na inafaa familia. Thibitisha kwanza kama makumbusho yako wazi siku hiyo. Kwa watoto chini ya miaka kumi, kata njia pale Mwenge, waache soko, na ile robo saa ya shairi ibadilishe kwa kitendawili kimoja na soda baridi.