Mizani ya dhahabu kwa mabehewa yangu madogo: uzoefu wa miezi minne

Natengeneza treni ndogo za uwiano wa 1:87 hapa nyumbani Mkuyuni. Reli zangu zina upana wa milimita 12, kwa sababu naiga reli yetu ya zamani ya mita moja, ile iliyofika Mwanza mwaka 1928. Mabehewa yalikuwa mepesi mno, kila kona yanaanguka. Chama cha NMRA cha Marekani, cha watengenezaji wa treni ndogo, kinashauri gramu 28 za kuanzia, kisha 14 kwa kila inchi ya urefu, kwa hiyo behewa langu la inchi 6 linatakiwa kufika gramu 113 hivi. Nikanunua mizani ya kielektroniki ya gramu 500, aina ile wanayotumia wanunuzi wa dhahabu, kwa shilingi 35,000.

Behewa la kwanza lilikuwa gramu 61. Nikalijaza chubwi za nyavu kutoka Kirumba mpaka likatosha.

Ila sahani ni fupi kuliko behewa. Nikagundisha kipande cha reli juu yake, nikabonyeza sifuri, nikakiunganisha na reli ya mezani ili kichwa cha treni kisukume behewa mpaka juu. Ikasoma 96. Nikarudia: 101. Nusura niirudishe dukani! Baba, aliyekuwa akipanga mabehewa Bandari ya Mwanza Kusini, akainama akatazama. "Mwanangu, reli ya mizani haigusani na reli ya njia." Zikigusana, reli ya nje inabeba sehemu ya uzito. Nikakata mwanya mwembamba kila upande kwa msumeno. 113, mara tano mfululizo.

Mizani kubwa za reli ndivyo zilivyo: jukwaa juu ya shimo, mwanya kila mwisho, na nyingi za zamani zilikuwa na jozi nyingine ya reli pembeni isiyokaa juu ya mizani, kichwa kipite humo bila kuielemea. Baba anasema uzito haukuwa jambo la kukisia pale bandarini, maana MV Umoja inabeba mabehewa mazimamazima, na yakizidi upande mmoja meli inalalia huko.

Kasoro zipo. Mizani yangu inajizima baada ya dakika moja, na upepo wa ziwa ukiingia dirishani namba zinacheza, kwa hiyo nafunga dirisha kwanza. Kila Jumamosi naikagua kwa jiwe la gramu 100 lililokuja nayo, halijanidanganya. Naipa nyota nne. Mwenye mabehewa marefu zaidi ya yangu atafute yenye sahani pana.