E Hayes, Invercargill: duka la spana lenye pikipiki ya Mzee Burt Munro

Kama unapenda pikipiki na ukapata nafasi ya kufika New Zealand, usiishie Auckland, shuka mpaka kusini kabisa, Invercargill, mtaa wa Dee, ingia E Hayes. Ni duka la vifaa, nati, bolti, spana, zana za fundi, vyombo vya nyumbani, lipo toka miaka ya 1930. Humo humo katikati ya bidhaa wameweka mapikipiki na magari ya zamani, zaidi ya mia, unatafuta tupa unakutana na pikipiki ya enzi za babu yako. Kuangalia ni bure, hakuna tiketi.

Lakini mimi nilifuata moja tu, ile nyekundu ya Mzee Burt Munro, mwenyeji wa huku aliyeweka rekodi za spidi za pikipiki, nayo ni Indian Scout (Indian ni kampuni ya pikipiki ya Marekani) ya 1920. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na injini ya cc 600 na mwisho wake kama kilomita 89 kwa saa, basi. Mzee aliinunua akiwa kijana wa miaka 21 na hakuiacha tena, kazi yake ilikuwa kuuza pikipiki, hela ya kununua spea za mashindano hana, kwahiyo akawa anatengeneza mwenyewe kwenye banda lake, pistoni anazimimina kwenye makopo ya zamani, silinda anachonga kutoka bomba la gesi la chuma, konrodi, vile vyuma vinavyounga pistoni na krenki, zinatoka kwenye ekseli ya trekta, na kipimo chake cha kupimia vyuma ni spoki kuukuu. Vilivyopasuka havitupi, anavipanga kwenye shelfu ameandika ni sadaka kwa mungu wa spidi. Amefanya hivyo miaka na miaka jamani, mpaka uzeeni, na moyo ulishaanza kumsumbua.

Akavuka bahari mpaka Marekani, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville kule Utah. 1962 akaweka rekodi ya spidi, 1966 nyingine, halafu Agosti 1967, ana miaka 68 na pikipiki ina miaka 47, injini ameshaikuza mpaka cc 950, akapiga wastani wa kilomita 295 na kitu kwa saa. Wastani maana yake unakwenda na kurudi, upepo usikubebe upande mmoja. Kwenye mbio za kufuzu alikuwa amegusa 305! Na 2014, yeye ameshafariki miaka 36, mtoto wake akagundua kwamba waliopiga hesabu ya 1967 walikosea, rekodi ikapanda ikawa 296. Hapo nilisimama nikaiangalia ile bodi inayoifunika pikipiki ikate upepo, ni nyembamba mno, mtu analalia kifua humo ndani, na spidi ile, nikashindwa kuondoka.

Kinachonifanya nilisifie duka hili kuliko makumbusho mengi ni kwamba pikipiki hii hapa ndiyo kwao. 1977 mzee alipata kiharusi, akajua hatapanda tena, na hakutaka mashine zake zitoke Southland, mkoa huu wa Invercargill, ndipo akamuuzia Norman Hayes wa duka hili zote mbili, hiyo Indian na pikipiki yake nyingine aina ya Velocette, na mwezi Januari 1978 akafariki. Wangeweza kuzijengea jumba la kioo wakakata tiketi, ila ziko palepale wanapopita mafundi na wakulima wananunua bolti. Kijana anayejifunza ufundi anaweza kuiona leo mchana kisha akanunua tupa akarudi gereji kwake, na mimi naona hiyo ni heshima kubwa kwa mzee kuliko sanamu yoyote.

Fulana na vitu vya kumbukumbu vya Munro vipo, ila ushauri wangu nunua kifaa utakachokitumia. Nenda na muda, siyo dakika za kupiga picha tu, zungukia kila korido. Ukitoka hapo endesha mpaka ufukwe wa Oreti, hauko mbali na mji, gari linaruhusiwa kupita kwenye mchanga, mzee alikuwa anajaribia mashine zake kule. Siku hizi mwezi wa 2 kunakuwa na tamasha la mbio kwa jina lake na mji unajaa waendesha pikipiki, kwahiyo ukipanga kwenda kipindi hicho tafuta chumba mapema sana.