TAHADHARI: waya wa "shaba" ambao ndani ni alumini

Mnaojenga Kampala na vitongoji vyake, someni hapa kabla hamjanunua waya.

Mwezi uliopita nilinunua roli mbili za waya wa 2.5 (milimita za mraba, unene wa waya wa soketi) mjini, duka silitaji. Bei ilikuwa karibu nusu ya duka la jirani. Kuuliza mbona rahisi hivi, kijana akachomoa sumaku mfukoni, akaigusisha kwenye waya. Haikunasa. "Unaona mzee? Shaba tupu." Nikalipa. Sumaku hainasi shaba, ni kweli, lakini alumini nayo hainasi! Nimelijua hilo tangu shuleni, ila siku ile bei ilinifumba macho.

Hata uzito haukunishtua. Nilipanda boda nimezikumbatia zote mbili, tena nafurahi kuwa ni nyepesi. Roli ya mita 100, shaba yenyewe bila plastiki, ni kama kilo 2.2. Hii ya alumini iliyopakwa shaba haifiki hata kilo 1.

Wiki ya tatu soketi ya jikoni, ile ya birika, ikaanza kunuka plastiki. Fundi akaifungua: skrubu imelegea, waya umeungua hadi mweusi. Akachukua kipande kingine, akakwangua kwa kisu. Wekundu ukatoka, ndani kweupe kama sufuria. Akauwashia kiberiti cha gesi uzi mmoja wa waya huo, ukalegea, ukakatika. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi, shaba ni zaidi ya 1,000.

Alumini yenyewe haina kosa. Sufuria za mafundi wa Katwe ni hiyo, na nyaya za kwenye nguzo ni hiyo hiyo, kwa wepesi wake. Lakini hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba ya unene uleule, ikibanwa na skrubu hulegea polepole, na ule utando unaoivaa ikikutana na hewa haupitishi umeme. Ukiifunga kama shaba, kiungio kinachemka.

Nilirudi dukani. Risiti imeandikwa "waya 2.5" basi, nikaambiwa mali ikiuzwa hairudi. Kwa hiyo dai neno "shaba" kwenye risiti, tafuta alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda (yangu haikuwa nayo), na nenda na kisu. Muuzaji akikukataza kukwangua ncha, ondoka.

Jumamosi nilipita pale. Roli zilezile zimepangwa mlangoni, na sumaku iko juu ya kaunta.