Programu za Kusomea PDF: Ipi Uiweke Kwenye Kompyuta Yako

Faili ilikuwa na kurasa 80: ankara, orodha ya vifurushi, cheti cha asili ya bidhaa na hati ya shehena, zote zimeskaniwa kwa rangi na kufungwa pamoja. Mteja ameketi mbele yangu, kontena lake liko Kilindini na gharama za stoo zinahesabiwa kwa siku. Laptopu yangu, ex-UK yenye RAM ya GB 4, ikafungua ukurasa wa kwanza kisha ikaganda. Feni ikaanza kuvuma. Ilikuwa katikati ya kaskazi, joto la chumbani peke yake lilitosha. Tulingoja karibu dakika nzima kuuona ukurasa wa pili, na mteja akaniuliza kwa upole, "Ndugu yangu, mashine ni mbovu?"

Mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa imetwikwa programu nzito kuliko kazi yenyewe.

Tangu siku ile nimejaribu programu moja baada ya nyingine. Wenzangu wa ofisi za kliaringi, walimu, na wanafunzi wanaokuja kuprinti karibu nasi hapa Moi Avenue wameniuliza mara nyingi waweke programu ipi ya kusomea PDF, hata nikaona heri niliandike jibu. Jibu langu ni hili: usitafute programu moja ya kukufanyia kila kitu. Weka mbili. Ya kwanza iwe nyepesi, ya kusomea tu, na hiyo ndiyo ifungue kila faili unayoibofya. Ya pili iwe ya kujazia fomu na kuandikia, uiite siku unapoihitaji.

Wengi hudhani PDF ni mali ya kampuni moja na kwamba ukitumia programu nyingine utaharibu faili. Ni kweli Adobe ndio walioianzisha, mwaka 1993, lakini tangu 2008 PDF ni kiwango cha kimataifa cha ISO na yeyote anaweza kuitengenezea programu. Risiti yako ya eCitizen au cheti chako cha PIN kitasomeka vilevile. Taarifa ya M-Pesa inayokuja imefungwa kwa neno la siri itafunguka pia, ukiliandika neno lenyewe sawasawa.

Sasa bei. Karibu zote nitakazozitaja ni bure. Anayekutoza dukani ili "akuwekee PDF" unamlipa kwa mikono yake na bando lake, na hilo si kosa. Kosa ni pale anapokuwekea Acrobat Pro iliyovunjwa kufuli. Acrobat Pro halali hulipiwa takriban dola 20 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi 2,500, na kazi yake ni kuhariri. Msomaji wa kawaida haihitaji. Ile iliyovunjwa hujui ndani yake kumefichwa nini, na kwenye laptopu hiyo hiyo ndiko unakofungulia benki yako.

Ya kwanza: SumatraPDF

Ukiwa na Windows, anzia hapa. Jina lisikutatize. Ni programu ndogo ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, imekuwepo tangu 2006, na haina matangazo wala dirisha la kukuomba ujisajili. Ile faili ya kurasa 80 niliifungua humo kwenye laptopu ile ile, nikashuka hadi ukurasa wa mwisho bila feni kubadilisha sauti. Ukifunga kitabu ukurasa wa 212, kesho kitafunguka ukurasa wa 212. Mbali na PDF inasoma ePub, MOBI, DjVu na CBZ, kwa hivyo mwanafunzi mwenye vitabu vya kila aina hahitaji programu nne.

Kinachonifanya niipende zaidi ni toleo lake lisilohitaji kusakinishwa. Unaliweka kwenye flashi, unaingia saiba yoyote, unalifungua kutoka kwenye flashi yako, na kumbukumbu zake zinabaki humo humo kwenye flashi. Nimeona saiba ambapo ukifungua programu ya PDF unakutana na orodha ya faili za wateja waliotangulia: nakala za vitambulisho, barua za kazi, hata hati ya shamba la mtu. Hilo huniuma. Watu wale walikuja kuprinti tu, wakaacha maisha yao mezani. Toleo la flashi linapunguza hatari hiyo, ingawa bado ni juu yako kufuta ulichopakua kwenye ile kompyuta kabla hujaondoka.

Kasoro zake nazo ni za kweli. Haijazi fomu. Unaweza kupaka rangi maneno na kuandika maelezo, kwa kuwa uwezo huo uliongezwa baadaye, ila mpangilio wake si mwepesi kwa mgeni. Na haipo kwa Mac wala Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao wengine huuweka badala ya Windows. Kila chombo kwa wimbile. Hiki kimeundwa kusoma, na katika kusoma sijaona cha kukipita.

Ipakue kwenye sumatrapdfreader.org peke yake. Ukiitafuta kwa jina tu utaletewa pia tovuti zinazoifunga pamoja na takataka.

Ya pili: PDF-XChange Editor

Hii inatoka Kanada, nayo ni ya Windows. Ukiifungua mara ya kwanza vitufe vitakuzonga, ni vingi mno. Vumilia. Fomu za shule, za bima na za ajira tunazoletewa nyingi zimeskaniwa kutoka kwenye karatasi, kwa hivyo hazina visanduku vya kujazia. Humu unachagua kifaa cha kuandikia, unabofya juu ya mstari wa nukta, unaandika jina lako. Fomu yenye visanduku halisi inajazwa vilevile. Maelezo ya pembeni, mishale, kupigia mstari, vyote vipo bila malipo.

Tahadhari moja kubwa: baadhi ya vitufe ni vya waliolipa leseni. Ukivitumia kwenye toleo la bure, programu inakupigia alama yake juu ya kurasa. Inakuonya kwanza, lakini mtu mwenye haraka hubofya tu. Kabla hujagusa chochote hifadhi nakala ya faili, na onyo likitokea lisome. Mwenye kazi nyingi anaweza kununua leseni yake. Hununuliwa mara moja ukaendelea kuitumia, tofauti na zile za kulipia kila mwezi.

Ya tatu: Okular

Kwa mwenye Linux hii ndiyo ya kwanza, wala sisiti. Inapatikana pia kwa Windows, katika duka la Microsoft. Inajaza fomu, inaandika maelezo, inasoma ePub na DjVu, na inakagua sahihi za kidijitali. Mwaka 2022 ilikuwa programu ya kwanza ya kompyuta kupewa Blauer Engel, alama ya mazingira ya Ujerumani, na miongoni mwa mambo yaliyopimwa ni umeme inaoutumia. Hilo nalitaja kwa sababu stima ikipotea jioni na betri imebaki robo, programu isiyokula umeme ni msaada unaouona kwa macho. Naiweka ya tatu kwa kuwa kwenye Windows huchelewa kidogo kufunguka ukiilinganisha na Sumatra.

Ustadhi mmoja jirani yetu husoma vitabu vya Kiarabu vilivyoskaniwa, na akifungua kurasa mbili ubavu kwa ubavu zilimjia kinyume, ya kushoto imekaa kulia. Yeye nilimwekea Evince, programu nyingine ya kusomea PDF, kwenye Linux yake. Ina chaguo la hati inayosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na tangu hapo hajaja kulalamika.

Kivinjari ulicho nacho tayari

Firefox inafungua PDF yenyewe tangu 2013. Siku hizi inakuruhusu kuandika maneno juu ya ukurasa, kuchora kwa mkono na kubandika picha. Hapo ndipo mimi hutia sahihi: niliandika sahihi yangu kwenye karatasi nyeupe, nikaipiga picha, nikaikata vizuri, na sasa huibandika mahali pake kwa nusu dakika. Kama diski yako imejaa na hutaki kuongeza programu ya pili, Sumatra na Firefox zinatosha kabisa. Edge nayo ina kitufe cha kusoma kwa sauti, jambo zuri kwa mwenye macho machovu. Ila kwa faili kubwa kivinjari hakifai. Kinakula RAM, na ukiwa na vichupo kumi vimefunguka utarudi kwenye mateso yale ya kurasa 80.

Tofautisha picha ya sahihi na sahihi ya kidijitali yenye cheti, ile ambayo kompyuta inaweza kuikagua ikathibitisha nani aliyeitia. Sheria ya mwaka 2020 ya kurekebisha sheria za biashara iliipa sahihi ya kielektroniki nafasi yake katika mikataba hapa Kenya, lakini muulize kwanza anayeipokea hati anataka ya aina gani. Benki moja inaweza kukubali picha, nyingine ikarudisha barua.

Foxit, Preview, na Acrobat Reader yenyewe

Foxit PDF Reader inafanya mengi na ipo kwa Windows na Mac. Nimeishusha hadi hapa kwa sababu wakati wa kusakinisha inakutaka ujaribu toleo la kulipia, na ndani yake kila mara kuna kitufe kinachokuelekeza kwenye malipo. Ukiichagua, soma kila dirisha kabla ya kubofya "endelea".

Mwenye Mac asihangaike: Preview iliyokuja na mashine inasoma, inajaza, inaunganisha kurasa, na unaweza kuionyesha kamera sahihi yako ya karatasini ikaichukua.

Acrobat Reader usiifute kwa hasira. Zipo fomu za zamani za aina ya XFA, ambazo ukizifungua kwingine unaona ujumbe wa kukuomba usubiri, na hakuna kitakachotokea hata usubiri hadi magharibi. Hizo zifungue kwa Acrobat Reader. Firefox mpya nayo inazisoma nyingi.

Mambo mawili ambayo programu hizi hazitakufanyia

Ukitafuta neno ndani ya hati na likakosekana huku unaliona, ujue ukurasa huo ni picha. Usiilaumu programu. Pata NAPS2, ya bure, ambayo inaskani na kuyageuza maandishi ya picha yaweze kutafutwa. Unaichagulia lugha, na Kiswahili kimo. Mimi siku hizi siskani hati ya mteja bila hiyo. Kutafuta namba ya kontena ndani ya kurasa 80 kwa macho ni kujiua.

Na kuunganisha au kukata kurasa kufanyie kwenye kompyuta yako kwa PDFsam Basic, nayo ni bure. Tafadhali acha kupeleka kitambulisho na hati ya nyumba ya mzazi wako kwenye tovuti usiyomjua mwenyewe, eti ikuunganishie kurasa mbili.

Ukishasakinisha, bado hujamaliza, maana faili zitaendelea kufunguka kwa programu ya zamani. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya PDF yoyote, nenda kwenye chaguo la kuifungua kwa programu nyingine, teua Sumatra, kisha weka alama kwamba iwe hivyo daima. Halafu chukua faili nzito kuliko zote ulizo nazo, uifungue, ushuke hadi ukurasa wa mwisho huku ukiisikiliza feni.