Boti ya rimoti iliyounguza mota: uzoefu wangu na jinsi nilivyomkamata mhalifu

Nianze na hukumu kwa mwenye haraka. Umbo la boti hii ni zuri, mota iliyokuja nayo ilikuwa nzuri, ila mpira mmoja mwembamba wa maji ya kupoza mota umepitishwa mahali pabaya kiwandani, nao ndio ulioiunguza mota. Ukiurekebisha unabaki na chombo cha kujivunia. Ukibadilisha mota peke yake, mpya nayo itafuata njia ya ile ya kwanza.

Ni boti yenye tumbo la V, urefu wa sentimita 65 hivi, betri ya lithiamu polima ya seli tatu, na mota isiyo na brashi ya KV 2000. Kwa asiyezoea namba hizo, KV ni idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Seli tatu zikijaa zina volti 12.6, kwa hiyo kwa hesabu tupu mota hiyo inagonga mizunguko 25,200 kwa dakika. Majini inapungua sana kwa sababu propela inasukuma mzigo, lakini inatosha kuinua pua na kuikimbiza boti ikigusa maji kwa sehemu ya nyuma tu. Inakata kona bila kupinduka, na mawimbi madogo inayapasua bila kurukaruka. Hapo sina malalamiko.

Tatizo lilianza siku boti ilipokuwa inakwenda kwa kasi ya juu. Mwendo ulipungua wenyewe, mvumo mwembamba wa mota ukageuka mkwaruzo, kisha ikasimama. Nikibonyeza kitufe cha mwendo kwenye rimoti, propela inasogea kidogo mbele, kidogo nyuma, haizunguki. Kigugumizi kitupu. Upepo ulikuwa upande wetu, ukaisukuma taratibu hadi ukingoni. (Boti ikikuzimikia mbali, subiri upepo au tumia kamba na boya. Usiogelee kuifuata. Hakuna boti ya rimoti inayolingana na uhai wa mtu.)

Kabla haijafika ukingoni nilishapata dalili ya kwanza, nayo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: usukani ulikuwa unaitikia. Nikigeuza kushoto, unakwenda kushoto. Maana yake rimoti inaongea na risiva (kipokezi cha mawimbi ndani ya boti), risiva ina umeme, na kidhibiti cha mwendo, kile kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota, bado kinailisha risiva hiyo. Kwa hiyo antena na mawasiliano nikayaacha kabisa. Kasoro ilikuwa kati ya kidhibiti na propela. Kama usukani nao ungekuwa umekufa, ningeanzia kwenye betri na swichi.

Betri huwa mshitakiwa wa kwanza kwa kila mtu, basi nikaipima hata hivyo, seli moja moja kupitia ile soketi ndogo nyeupe ya kuchajia. Seli iliyojaa husoma 4.2, ya kawaida 3.7, na chini ya 3.0 inaanza kuharibika. Zangu zote tatu zilikuwa karibu na 3.8, zinalingana. Ungeona moja imebaki nyuma sana ya wenzake, hiyo ndiyo inayoporomoka mzigo unapokuja na kukifanya kidhibiti kikate nguvu ili kulinda betri. Lakini mkato wa betri una tabia yake: ukipumzisha boti kidogo, mota inarudi na kuzunguka vizuri kwa muda mfupi. Yangu haikurudi hata kwa betri iliyojaa.

Nyumbani nikaondoa propela kwanza. Hili silifanyii mzaha: propela ya chuma kwenye mota ya aina hii inakata kidole kabla hujajua imewaka. Nikalegeza kiungio kinachobana shafti kwenye mota, ili kila kimoja nikizungushe peke yake. Shafti ya waya iliyosokotwa ilizunguka laini ndani ya bomba lake, grisi ipo, hakuna nyasi wala uzi wa kuvulia samaki uliojiviringa. Nafasi kati ya kishikio cha propela na mhimili wa nyuma nayo ilikuwa milimita 2 hadi 3, kama inavyotakiwa. Nafasi hiyo ipo kwa sababu waya uliosokotwa hufupika unapobeba mzigo. Ukiibana mpaka iishe, shafti inajikaba yenyewe majini wakati mezani inaonekana haina neno.

Ikabaki mota. Ukizungusha mota nzima isiyo na brashi kwa vidole, unasikia vituo vidogo vinavyolingana, sumaku zinavuta na kuachia. Beringi ikiliwa na kutu, unasikia chembechembe, utadhani kuna mchanga ndani. Mimi sikusikia mchanga. Nilisikia uzito. Mota ilizunguka kama inayokokotwa, ingawa waya zake tatu zilikuwa zimechomolewa na hazigusani. Hapo nikaanza kuhisi jibu. Ukigusanisha waya za mota nzima halafu ukazungusha, inakuwa nzito, kwa sababu umeme unaozalishwa unapata njia ya kuzunguka na kuizuia. Mota inayokuwa nzito bila waya kugusana ina njia kama hiyo ndani ya koili zake.

Hata hivyo sikutaka kuhukumu kwa vidole tu, kwa sababu kidhibiti kibovu nacho kinaleta kigugumizi kilekile. Mota hizi zina waya tatu na zote lazima zifanye kazi kwa zamu. Mmoja ukikosa umeme, mota inatikisika pale pale. Nikakagua viungio vya waya kwanza, vile vyenye umbo la risasi ya bunduki na rangi ya dhahabu. Havikuwa vimelegea, lehemu haikupasuka. Kisha nikaunganisha kidhibiti na mota nyingine niliyojua ni nzima. Ikazunguka bila shida. Kidhibiti kikaachiwa huru.

Kuna jambo moja katika hatua hii ambalo mwongozo wa boti hausemi, nami naona lingesaidia wengi. Ukiwasha, unasikia milio inayohesabu seli za betri. Milio hiyo haitoki kwenye spika yoyote. Kidhibiti kinapitisha umeme kidogo kwenye koili na kuitetemesha mota yenyewe. Kwa mota nzima milio ilikuwa safi na kali. Nikirudisha ile mbovu, milio ileile ilitoka dhaifu, imekauka sauti. Sikio lako ni kipimo pia, na halihitaji betri.

Sasa testa. Watu wengi hupima koili kwa omu, wakiona namba ndogo wanasema mota ni nzima. Koili za mota hizi zina ukinzani mdogo sana, sehemu tu ya omu moja, kiasi kwamba testa ya kawaida haiwezi kutofautisha nzima na iliyoungua. Inachoweza kukuonyesha ni mambo mawili: waya uliokatika kabisa, au koili iliyogusa bodi, yaani gamba la nje la mota. Weka ncha moja kwenye waya, nyingine kwenye bodi, testa isilie. Yangu haikulia, na hakuna waya uliokatika. Mtu angeweza kuishia hapo na kusema mota haina kosa.

Kipimo kilichomaliza ubishi ni cha drili. Unabana shafti ya mota kwenye drili, unaishika bodi imara, unazungusha kwa mwendo mmoja usiobadilika, huku ukisoma volti za mkondo geu kati ya kila jozi ya waya. Jozi ni tatu. Mota nzima inatoa volti zilezile kwenye jozi zote, kwa sababu sasa inafanya kazi ya jenereta na koili zake zinafanana. Kwangu jozi moja ilisoma vizuri, mbili zikasoma pungufu. Nikarudia kwa kasi nyingine, jibu likawa lile lile. Koili moja ilikuwa imepoteza sehemu ya mizunguko yake.

Nilipofungua skrubu za nyuma, harufu ilitoka kabla sijaona kitu, ile harufu kali ya vanishi iliyoungua. Waya wa koili umepakwa vanishi ili mizunguko isigusane. Upande mmoja ulikuwa bado na rangi ya shaba inayong'aa. Upande wa pili umekuwa kahawia iliyokolea, sehemu nyingine nyeusi kabisa, na vanishi inabanduka ukiigusa kwa kucha. Beringi zilikuwa salama. Mota ilikufa kwa joto.

Joto hilo lilitoka wapi? Boti hii inapozwa kwa maji. Kuna tundu la kunyonya karibu na usukani, maji yanasukumwa na mwendo wenyewe wa boti, yanapita kwenye kidhibiti, kisha kwenye jaketi la maji linaloizunguka mota, yanatokea kwenye tundu la ubavuni. Nikapuliza kwa mdomo kwenye tundu la kunyonya, hewa ikatoka ubavuni bila kizuizi. Mtu angesema njia iko wazi. Lakini nilikuwa nimepuliza boti ikiwa tupu, imelala mezani bila betri. Nikaweka betri mahali pake, nikakaza mkanda wake kama ninavyoukaza siku zote, nikapuliza tena. Hewa haikupita hata kidogo.

Mpira wa silikoni unapita chini ya ukingo wa trei ya betri. Betri ikikaa na mkanda ukikazwa, trei inashuka kidogo na kuubana mpira ukawa bapa. Nilipoinua trei niliona alama yenyewe, mkunjo mweupe uliovuka mpira. Hilo ni kosa la mpangilio wa kiwandani, na haliwezi kuonekana kwenye ukaguzi wa boti tupu. Ndiyo maana nasisitiza: pima kila kitu kikiwa mahali pake kama kinavyokwenda majini.

Muuzaji, nimtendee haki, alinijibu vizuri. Aliomba video ya kigugumizi na picha ya koili, akatuma mota nyingine ya kipenyo kilekile cha milimita 36 na shafti ya milimita 5, ikaingia kwenye matundu ya skrubu bila kutoboa upya. Vipuri vyake vinauzwa kimoja kimoja, jambo ambalo kwa boti za bei ya chini ni adimu. Kilichoniudhi ni kwamba nilimwelezea habari ya mpira kwa picha na maelezo, naye akajibu kuhusu mota tu. Natamani angelipeleka suala hilo kiwandani, maana kuna watu watabadilisha mota, kisha kidhibiti, kisha wataitupa boti yenyewe.

Marekebisho yenyewe ni madogo. Niliuhamisha mpira ukapita ubavuni mwa boti, juu ya usawa wa trei, nikaushikilia kwa vibano vya plastiki visivyokazwa sana. Waya tatu za mota mpya nikaunganisha. Ilizunguka kinyume, nikabadilishana waya mbili kati ya hizo tatu, ikakaa sawa. Sasa boti ikishika kasi mchirizi wa maji unaruka ubavuni na unaonekana kutoka ukingoni. Ikienda polepole mchirizi haupo au unadondoka matone tu, hilo ni la kawaida kwa mfumo unaotegemea mwendo. Ikirudi naigusa mota: naweza kuweka kidole na kukiacha. Ingekuwa kidole hakivumilii sekunde chache, joto limefika nyuzi 60 hivi au zaidi, na sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida zinaanza kupoteza nguvu zikipita 80.

Bado kuna mawili ambayo sijayapenda. Kifuniko kinapitisha maji kidogo kwenye kona za mbele, hivyo nakiziba kwa utepe kila mara. Na beringi ya mbele ya mota iko karibu sana na mdomo wa bomba la shafti, mahali ambapo maji huingilia. Kwa maji ya chumvi hiyo itakuwa kutu mapema. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, tia tone la mafuta kwenye beringi zote mbili, acha kifuniko wazi usiku kucha.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano kama inavyotoka kwenye boksi. Simshauri mtoto au anayeanza kabisa ainunue bila mtu wa kumfungulia na kuhamisha mpira kabla haijagusa maji. Kwa aliyezoea bisibisi na lehemu, kazi hiyo haimalizi hata jioni moja, na kwa tumbo hili la V na mwendo huu ningeinunua tena.