Leza kwa Misuli ya Taya: Vikao Sita katika Kliniki Moja ya Meno, Dar es Salaam

Nilifika kliniki hiyo baada ya miezi minne ya maumivu yaliyokuwa yakianzia kwenye msuli wa shavu na kupanda hadi panjani, kiasi kwamba mahindi ya kuchoma niliyaacha kabisa, na nyama nilikuwa naila iliyochemshwa ikalainika tu.

Sifa yao ya kwanza ni uchunguzi. Kabla ya kutaja leza, daktari aliibonyeza misuli yote ya kutafuna, akahakikisha kuwa maumivu hayatoki kwenye jino, akauliza kama ninasaga meno usingizini, kisha akapima kwa rula upana wa kinywa changu. Kilifunguka milimita 29, ilhali mtu mzima kwa kawaida hufikisha takribani 40 au zaidi.

Wakati wa kikao, mimi na daktari tulivaa miwani ya kinga, kwa kuwa mwanga wenyewe, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 808, hauonekani lakini unaweza kudhuru jicho. Aligusisha ncha ya kifaa kwenye sehemu zenye maumivu, moja baada ya nyingine, nami sikuhisi joto wala kuchomwa. Alinieleza kwamba leza hii ni dhaifu, haikati kama ile ya upasuaji, na kwamba mwanga wake hunyonywa na mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati. Tiba hii ilianzia Hungaria, ambako mwaka 1967 daktari Endre Mester aliwamulika kwa leza panya walionyolewa, akaona manyoya yanarudi upesi. Daktari wangu aliniuliza pia kama nimewahi kuugua saratani, kwa sababu leza haipaswi kuelekezwa juu ya uvimbe wa saratani. Swali hilo lilinipa imani naye.

Baada ya kikao cha tatu maumivu ya asubuhi yalipungua, na cha sita kilipokwisha kinywa kilifunguka milimita 38. Hata hivyo, siwezi kuipa leza sifa zote, kwani muda wote huo nilikuwa nikifanya mazoezi ya taya aliyonifundisha, na maumivu ya aina hii huweza kupungua yenyewe. Mwongozo uliochapishwa na BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza, mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya taya unatoa pendekezo lenye masharti dhidi ya leza hii, yaani kwa wagonjwa wengi ni afadhali isitumike, huku ukitilia mkazo mazoezi yanayosimamiwa, kukandwa misuli na tiba ya kisaikolojia. Daktari mwenyewe hakunificha kwamba matokeo ya tafiti yanatofautiana.

Ndiyo maana nilisikitika kukuta mapokezi pametundikwa bango linaloahidi "tiba ya uhakika", na mhudumu akinihimiza nilipie vikao vingine 12 kwa mkupuo, gharama ambayo bima yangu hailipii. Nilikataa, nikaomba miadi ya mazoezi peke yake, nikaambiwa haiuzwi bila leza. Waitenganishe huduma hiyo, na bango hilo waliondoe.