Mwaka mmoja bila platini: moduli ya elektroniki kwenye Beetle ya 1968

Naanza na jibu kwa wenye haraka: hii moduli ya kuchukua nafasi ya platini inafanya kazi, sijutii kuinunua, ila si dawa ya kila ugonjwa kama wauzaji wanavyoipigia debe, na ya kwanza niliiua kwa mikono yangu mwenyewe kabla haijamaliza wiki tatu. Nyota nne kati ya tano. Wenye muda kaeni niwape mkasa wote.

Gari ni Beetle ya 1968, injini ya 1500, mimi naiita Kobe. Naishughulikia mwenyewe hapo nyumbani, shimo sina, lifti sina, nina jeki moja na stendi mbili na boksi la spana ambalo nusu yake nimerithi. Kwa Beetle hiyo inatosha sana, unafungua kifuniko cha nyuma unapiga magoti, distribyuta hiyo hapo.

Sasa kwa ambao wamezaliwa wakakuta magari yana kompyuta: platini ni kiswichi kidogo ndani ya distribyuta (kile kidude kinachogawa moto kwa kila plagi), shafti ikizunguka inakifungua na kukifunga, na kila kikifunguka koili, inayopandisha umeme wa betri, inapiga cheche kwenda kwenye plagi. Ni teknolojia ya kizee kweli, Cadillac ya 1912 ilishakuja na mfumo wa Charles Kettering wa stata na moto wa umeme, na magari yakaendelea na mambo ya aina hiyo miaka mingi mno. Shida yake ni moja, kuna kisigino kidogo cha plastiki kinachosuguana na shafti, kinalika, kikilika nafasi inapungua, nafasi ikipungua taiming, yaani wakati wa cheche kupiga, inachelewa. Gari inaanza kuwa nzito mlimani wewe unalaumu mafuta.

Kwa hiyo kila baada ya muda ni kazi ileile. Kuondoa kepu (kifuniko cha distribyuta), kuondoa rota (kile kinachozunguka chini yake), kuzungusha injini kwa spana pale kwenye puli mpaka kisigino kikae juu ya nundu ya shafti, kulegeza skrubu moja ndogo kama punje ya mtama (ikidondoka ndani ya mabati ya injini, siku yako imeisha), kuingiza fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya 0.4 mm, kusukuma platini kwa ncha ya bisibisi, kukaza, halafu kupima tena unakuta wakati wa kukaza imesogea. Unarudia. Fila geji inatakiwa ipite kwa kukwaruza kidogo tu, kama unavuta karatasi chini ya kikombe. Kiukweli mimi hiyo kazi naipenda, ila naipenda Jumamosi asubuhi, siipendi usiku pembeni ya barabara na tochi mdomoni.

Ndo nikanunua hiyo moduli. Ndani ya boksi kuna kidude cheusi chenye waya mbili, ringi ya sumaku ya kuvalisha kwenye shafti, skrubu mbili na karatasi moja ya maelekezo ambayo maandishi yake yanataka lenzi. Platini na kondensa (kikopo kidogo kinachoilinda platini isiungue) vinatoka, kidude kinakaa palepale platini ilipokuwa, ringi inashuka kwenye shafti, waya nyekundu inaenda chanya ya koili (namba 15), nyeusi inaenda hasi (namba 1). Basi. Nakwambia hata mtu hajawahi kushika spana anaweza, mimi ilinichukua kama dakika arobaini na hapo nimepoteza kumi natafuta miwani.

Kosa la kwanza: ringi ya sumaku ilikuwa imebana, nikaisukuma kwa kidole nikaona imefika kumbe bado kama milimita mbili. Rota ikakaa juu kuliko kawaida. Nikafunga kepu, nikapiga stata, nikasikia kitu kinakwaruza kwa ndani, nikazima haraka. Kufungua nakuta rota imeshachora duara jeupe kwenye kepu. Nilisukuma ringi kwa soketi ya saizi yake mpaka ikagonga chini na mambo yakatulia, lakini hilo karatasi haikusema popote. Wakati niko hapo nikajichanganya na waya za plagi maana nilizichomoa zote kwa pamoja kama mgeni, na silinda za Beetle zinapiga kwa zamu ya 1-4-3-2 siyo ule mpangilio wa injini nyingine tulizozoea, ikanipigia mlio mmoja wa bastola kwenye ekzosi majirani wakachungulia. Chomoa moja moja jamani, au weka alama kwa tepu.

Ilipowaka sasa. Aisee! Stata nusu mzunguko tu na ikawaka, silensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) imetulia, ule mtetemo wa kwenye taa nyekundu haupo. Nilikaa pale namsikiliza Kobe kama redio.

Raha haikumaliza wiki tatu. Siku moja honi ikagoma, na honi ya gari hii mpaka swichi iwe on, kwa hiyo nikawasha swichi bila kuwasha injini nikawa nahangaika na waya za usukani. Nadhani zilipita kama dakika ishirini na tano hivi. Honi ikapona, nikapiga stata, kimya. Nikagusa koili, nikarudisha mkono mbio, ilikuwa ya moto kama pasi. Moduli ilikuwa imeungua. Hesabu yake ni ndogo tu, koili ya 3 ohm kwenye volti 12 inapitisha ampia 4 muda wote kama mzunguko umefungwa, na injini isipozunguka hamna cha kuukata. Tuwe wakweli, hata platini ukiiacha hivyo ikiwa imefunga koili inachemka, lakini platini unaipiga msasa unaendelea na safari, moduli ikiungua ndo basi tena.

Nilipomrudia muuzaji akanionyesha mstari kwenye ile karatasi, wa mwisho kabisa, chini ya picha, kwamba usiache swichi on wakati injini imezima. Garantii hamna. Nilikasirika lakini nilijua kosa langu, ila onyo kama hilo linatakiwa liwe juu kabisa kwa herufi za kuonekana, si kulificha huko kama deni. Nyota niliyokata nimeikata hapo. Jioni ile nilirudisha platini za zamani kwa dakika ishirini Kobe akatembea, na hilo ndo lilinifanya nikanunua moduli ya pili bila woga, maana nilishajua nikikwama njia ya kurudi ipo.

Ya pili inatimiza mwaka sasa, na hapa ndo nataka kusema yale ambayo tangazo halisemi. Kwanza taiming. Zamani nilikuwa natumia kitaa kidogo cha volti 12, unaunganisha kwenye hasi ya koili na bodi, unageuza distribyuta taratibu, kikiwaka tu hapo hapo unakaza, injini imezima. Kwa moduli mbinu hiyo ilinigomea, imebidi nitafute taa ya taimingi, ile ya kumulika puli wakati injini inazunguka. Yangu naiset digrii 7.5 kwenye silensa halafu nahakikisha kwenye mizunguko zaidi ya 3,000 kwa dakika haivuki digrii 30 au 32, maana injini ya kupozwa na upepo ukiizidishia hapo inachemka na kugonga kwa ndani bila kukuaga. Hii taa ihesabu kwenye bajeti yako, haimo ndani ya boksi.

Pili, ule mshtuko. Distribyuta yangu siyo iliyokuja na gari, ni ya kubadilishia, isiyo na vakyumu (kile kidude kinachosogeza taiming kwa mvuto wa hewa ya injini), na wenye hizi mnajua: ukikanyaga mafuta ghafla gari inashika pumzi kidogo kabla ya kwenda. Niliambiwa moduli itaondoa. Haikuondoa hata chembe. Na isingeweza, kwa sababu tatizo siyo cheche, ni kwamba hamna kitu cha kusogeza taiming mapema pale unapokanyaga, vyuma vya ndani vinasubiri mpaka mizunguko ipande. Ukitaka kuondoa huo mshtuko tafuta distribyuta yenye vakyumu yake sawasawa, au shughulika na kabureta, kale kapampu kake ka kurusha mafuta. Usinunue moduli kwa ajili hiyo.

Tatu, kama shafti ya distribyuta inacheza kwa sababu bushi zimelika (shika rota itikise kushoto kulia, si kuizungusha, utasikia), moduli itavumilia kuliko platini lakini taimingi itaendelea kurukaruka chini ya taa. Na valvu usipozigusa hamna elektroniki itakayokuokoa. Mimi nafasi yake naiset 0.15 mm injini ikiwa baridi ya usiku mzima, halafu ndo nagusa taiming. Kuna jamaa yangu alifunga moduli, plagi mpya, koili mpya, gari bado inamisi, tukafungua kifuniko cha valvu upande wa kushoto tukakuta moja haina nafasi kabisa. Pesa yote ile na dawa ilikuwa fila geji.

Mafuta sikuona tofauti ya kuitolea ushuhuda. Kuwaka asubuhi tofauti ni kubwa. Plagi zinatoka na rangi ya kahawia nzuri zote nne, nafasi nimeziacha 0.7 kama zamani. Waya za plagi hakikisha ni zile zenye rezista, za shaba tupu zinaweza kuichanganya moduli. Na koili ipime kwa mita kabla, iwe karibu na hiyo 3 ohm, maana ya 1.5 inavuta ampia mara mbili.

Platini na kondensa za zamani zipo kwenye droo ya dashibodi, nimezifunga kwenye kitambaa pamoja na fila geji na bisibisi fupi. Sijazihitaji tangu siku ile ila hazitoki humo.

Wenye gari za volti 6, hii niliyonunua mimi ni ya 12 na ni kwa gari ambayo hasi ya betri ndo imefungwa kwenye bodi. Na wale wa magari ya zamani ya Kiingereza, mengi yao chanya ndo iko kwenye bodi, kwa hiyo kabla hujafungua hata boksi nenda kaangalie ule waya mnene wa betri unaoingia kwenye bodi unatoka upande gani.